Usikate Springi Bado

Wanaounda gari nyumbani wana ugonjwa mmoja: wakishusha jeki na kuona pua ya gari imekaa juu, wanatafuta msumeno. Likizo hii nimeuona ugonjwa huo Mikumi, kwa kaka mmoja wa mtaani anayeunda kigari kwa chesisi kuukuu na springi za koili za vyuma chakavu. Akiba yake ya miaka miwili imo humo. Fundi jirani kamwambia akate mizunguko miwili mbele. Mimi nasomea ualimu wa fizikia, nikamwomba asubiri. Sababu ni hizi.

Kanuni ya Robert Hooke ya mwaka 1678 tuliikariri sekondari: springi hubonyea kwa uwiano na mzigo, alimradi haijavuka kikomo cha unyumbufu. Chukua springi inayobonyea sentimita 1 kwa kila kilo 25. Gari likikamilika na kila springi ya mbele ikabeba kilo 250, itabonyea sentimita 10. Lakini kigari hakina vioo, viti wala betri. Kila springi inabeba, tuseme, kilo 150, yaani sentimita 6. Zile 4 zilizobaki ndizo zinazomkera, na springi haina kosa lolote.

Sababu ya pili ni bushi. Ukikaza boliti zake magurudumu yakiwa yananing'inia, raba inajipinda gari likishuka chini, nayo inalisukuma juu. Legeza, acha gari likae kwa uzito wake, kisha kaza. Tatu, gari likitoka kwenye jeki, matairi hubana ardhi na kulizuia kushuka. Lisukume mita chache mbele na nyuma kwanza.

Je, springi zenyewe hazilali? Zinalala. Chuma kikibanwa kupita kikomo chake hakirudi urefu wote. Ndiyo maana viwanda hubana springi mpya mpaka mwisho kabla ya kuziuza, ili kulala kwingi kuishie hukohuko. Za vyuma chakavu zimeshalala barabarani miaka mingi, kwa hiyo usitegemee zishuke sana tena. Na kumbe springi iliyolala imepungua urefu tu, ugumu wake uko karibu palepale.

Kukata ni habari nyingine. Koili ya mizunguko 8 ukiikata 2, ugumu unapanda kwa theluthi moja: sasa ni kilo 33 kwa sentimita. Gari linashuka, ndiyo, lakini linadunda. Na springi fupi inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake gurudumu likizama shimoni. Sasa fikiria hilo likitokea kwenye barabara ya kwenda Kilosa. Hata kwenye lami, kile kipande cha kama kilomita 50 ndani ya Hifadhi ya Mikumi kina matuta ya kulinda wanyama, na gari lililoshuka mno litayakwangua kwa tumbo.

Kwa hiyo maliza gari kwanza. Liegeshe mahali tambarare, upepo wa matairi uwe sawa, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, andika. Liendeshe polepole siku kadhaa, pima tena. Namba zikitulia na bado liko juu, tafuta springi inayofaa. Msumeno hauna kurudi nyuma, kilichokatwa hakiungwi.