Zamu ya Kuosha Ngazi: Habari za Mwanafunzi Katika Mji wa Edinburgh

Mwezi uliopita mwalimu mmoja kijana alinijia nyumbani, akaniambia ya kuwa amepata nafasi ya kwenda kusoma Ulaya, akaniuliza, "Mzee, huko nitapata taabu gani?" Nadhani alitazamia nimweleze habari za baridi na za chakula. Mimi nalimweleza habari za ngazi. Akacheka. Lakini nilipokwisha kusimulia hakucheka tena, akaniomba niziandike, na wengine wapate kuzisoma.

Nalifika Edinburgh, katika nchi ya Uskoti, mwezi wa Oktoba mwaka 1986, ili nijiendeleze katika kazi ya ualimu. Mimi ni mtu wa Usambara, mzaliwa wa milimani. Ukungu naujua, na baridi naijua, hata wenzangu wa pwani waliponihurumia nalicheka moyoni. Tena Chuo Kikuu cha mji ule ni cha zamani sana, kilianzishwa mwaka 1583, na Mwalimu Julius Nyerere alisoma pale tangu mwaka 1949 hata 1952. Basi nalijiona nafuata nyayo za mtu mkubwa, wala sikutazama sana mahali nilipokuwa nikikanyaga.

Mji huo, msomaji, ni kama miji miwili iliyobebana. Mji wa kale umejengwa juu ya mgongo wa kilima, ngome iko kichwani pake, na pande zote mbili nchi inashuka ghafula. Watu wa zamani walipochoka kushuka na kupanda walijenga madaraja, wala si juu ya maji, bali juu ya barabara na nyumba za bondeni. Daraja la kusini, lililofunguliwa mwaka 1788, lina matao 19, lakini hulioni ila tao moja tu. Mengine yote yamefichwa na majengo yaliyojengwa ubavuni mwake. Mtu hupita katikati ya maduka asijue ya kuwa yu juu ya daraja.

Juma langu la kwanza nalishuka bondeni, mahali paitwapo Grassmarket, nikanunua koti kuukuu la sufu, kisha nikataka kwenda Maktaba ya Taifa. Katika ramani njia ilikuwa nyepesi: fuata barabara ya Cowgate mpaka inapokutana na barabara ya George IV Bridge, na maktaba i papo hapo penye njia panda. Nikaenda. Njia panda sikuiona. Nikapita chini ya tao la giza, nikaendelea hata tao la pili, nikarudi, nikaenda tena. Mvua ilikuwa ikinyesha, ile nyembamba isiyo na sauti. Kuuliza nalikuwa naweza, maana Kiingereza nalikuwa nimekifundisha miaka sita. Lakini naliona haya, mwalimu mzima kuuliza njia naye ana ramani mkononi. Mwishowe mtu mmoja aliyekuwa akishusha mapipa ya bia akaniona nikipita mara ya nne. Asiseme neno, akanyosha kidole juu. Nikatazama, nikaona magari yakipita juu ya kichwa changu. Kumbe barabara zile mbili hukutana katika karatasi tu! Na ukuta nilioegemea kujikinga mvua ulikuwa ukuta wa maktaba yenyewe, maana jengo lile huanzia chini bondeni, ghorofa juu ya ghorofa, na mlango wake uko juu darajani. Vitabu nilivyovitafuta vilikuwa nyuma ya mgongo wangu. Nikapanda kilima cha Candlemaker Row, nikafika nimelowa chapachapa.

Siku ile ingalinitosha kunifundisha kuuliza, lakini haikutosha.

Nalipanga chumba katika mtaa wa Marchmont, ng'ambo ya uwanja mkubwa wa majani uitwao Meadows, ambao zamani ulikuwa ziwa. Nyumba za huko ni za mawe, ndefu kwenda juu, na jamaa nyingi hutumia mlango mmoja wa njiani na ngazi moja. Ngazi ile ni mali ya wote, na kila mlango ulikuwa na zamu yake ya kuiosha. Zamu ilionyeshwa kwa kadi: aliyekwisha kuosha aliitundika penye kitasa cha jirani. Mimi sikuambiwa. Nalikuta kadi mlangoni pangu, nikadhani ni tangazo la mwuza bidhaa, nikaitia katika kitabu iwe alama ya ukurasa. Ikakaa humo majuma matatu. Ngazi ikachafuka. Watu niliokutana nao ngazini wakaitikia salamu zangu kwa neno moja tu, nami nikaandika barua nyumbani ya kuwa watu wa huku wana baridi kama nchi yao.

Bibi mmoja mjane, aliyekaa mlango wa chini kabisa, ndiye aliyenigongea. "Kijana," akasema, "kadi iko wapi?" Nilipoelewa maana yake niliona haya kupita siku ya maktaba. Nikaapa moyoni ya kuwa zamu yangu ijayo itasifiwa na nyumba nzima.

Zamu hiyo ikaangukia mwezi wa Januari mwaka 1987, wakati wa baridi ambayo hata wenyeji waliilalamikia. Jioni, baada ya masomo, nikaosha ngazi tangu juu hata chini. Nikatoka na nje, penye jiwe la kizingiti, nikamwaga ndoo nzima ya maji kama tufanyavyo kwetu, nikafagia, nikalala na moyo mweupe.

Katika mwezi ule jua halichomozi ila baada ya saa mbili. Bibi alitoka gizani kwenda kununua mkate. Nilisikia kishindo, kisha sauti yake. Niliposhuka nikamkuta ameketi chini ameshika mkono wake wa kuume, umevunjika penye kiwiko cha kiganja, na lile jiwe nililoliosha linang'aa chini ya taa ya njiani kama kioo. Maji yangu yalikuwa yamegeuka barafu. Nikafa ganzi.

Akachukuliwa hospitali, akarudi mkono umefungwa. Hakuna aliyenishitaki. Mwanafunzi mwenzangu akanishauri ninyamaze: mgeni hana haja ya kujitafutia mashauri, naye akijulikana huenda akanyimwa fedha za masomo. Nikanyamaza siku mbili. Chakula hakikupita kooni. Kila niliposhuka nalitembea kwa ncha za vidole nilipopita mlango wake, kama mwizi. Siku ya tatu nikapiga hodi, nikamweleza yote, nikaomba radhi.

"Nalijua," akasema. "Kadi ilikuwa kwako."

Nami nalikuwa nimesahau kadi! Nyumba nzima walijua tangu asubuhi ile. Akaniacha nimesimama kitambo, kisha akanipa kikapu, akanitajia duka lenye mkate mzuri.

Kwa majuma sita nikawa mkono wake wa kuume. Nalinunua mkate na viazi, nalimpigia pasi, naliosha zamu yake na yangu, na sasa kwa maji kidogo na kitambaa, nikikausha kila daraja, na chumvi nikaitawanya kizingitini. Naye alinifundisha mji: kichochoro kipi kinapanda, kipi hakina mwisho. Kila siku ila Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi, saa saba mchana, mzinga hupigwa ngomeni. Desturi hiyo ilianza mwaka 1861, ili mabaharia wa bandari ya Leith wasahihishe saa zao. Mara yangu ya kwanza kuusikia nalirukia nyuma ya mti, watu wakitazama saa zao tu. Bibi naye aliusikiliza dirishani, akasahihisha saa yake ya ukutani. Nikamwambia kwetu hiyo huitwa saa ya saba, maana tunahesabu tangu mapambazuko. Akafikiri sana, akasema hesabu hiyo ni ya akili. Lakini kwao katika Desemba jua huchomoza karibu na saa tatu na kuchwa kabla ya saa kumi, basi mtu angeshinda akisahihisha saa.

Mkono wake ulipofunguliwa tulikwenda pamoja bustani ya Princes Street, akanionyesha sanamu ya shaba ya David Livingstone. Nikamweleza habari za Chuma na Susi, ambao pamoja na wenzao walichukua maiti yake kwa miguu mpaka pwani, wakafika Bagamoyo mwaka 1874. Hakupata kuwasikia. Akaitazama ile sanamu, akasema, "Basi walipaswa kusimama hapa naye." Nami naona hivyo hata leo.

Mitihani ikaja, nikafaulu. Siku ya kuondoka, mwezi wa Juni, niliosha ngazi alfajiri, na alfajiri ya huko wakati huo ni kabla ya saa kumi na moja. Kizingiti nikakikausha mara mbili, ingawa hapakuwa na baridi. Kisha nikaitundika kadi penye kitasa cha jirani, nikashuka na sanduku langu, na mlango wa chini nikaukuta wazi, Bibi amesimama na kipande cha mkate kilichofungwa katika karatasi.