Laki Nne za Muziki Ndani ya Hilux

Hilux yangu ni ya mwaka 2000, dabo kebini, injini ya dizeli, na ilitoka Japani na redio yake inayoandika Kijapani. Kazi yake ni kushusha karoti, kabichi na njegere kutoka Nyandira, kule milimani Mgeta, hadi sokoni Morogoro mjini. Ile barabara ina vumbi na kona zisizompa dereva nafasi ya kuchezea simu, kwa hiyo redio kwangu si anasa. Taarifa ya habari, mpira wa Simba na Yanga, mahubiri ya asubuhi, vyote navipata nikiwa nyuma ya usukani. Vikiisha, anaingia mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe, ambaye kwa mtu wa Morogoro hahitaji kutambulishwa.

Shida ni kwamba redio ya kiwandani ilikuwa haikamati karibu stesheni yoyote. Magari mengi ya mtumba kutoka Japani yana ugonjwa huu. Wajapani walitenga FM yao kati ya megahezi 76 na 90, na mwaka 2014 ndipo walipoanza kuisogeza hadi 95. Sisi tunatangaza kati ya 87.5 na 108. Redio ya gari kama langu inaambulia zile stesheni chache zilizo chini ya 90, nyingine kwake hazipo. Madukani wanauza kidude kidogo cha kuchomeka kati ya antena na redio, kinachoyashusha masafa yetu hadi redio ya Kijapani iyaone. Kinafanya kazi, lakini namba inayosomeka kwenye kioo si namba ya stesheni, na stesheni ya mbali huzama kwenye mikwaruzo. Kwa mtu wa mjini kinatosha. Kwangu mimi, ninayesikiliza nikiwa nyuma ya mlima, ni fedha ya kutupa. Heri uitoe redio yote. (Hilux za baadaye hazina balaa hili. Toyota iliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004 na haikuirudisha hadi 2017, kwa hiyo za miaka hiyo tulizonazo zilitengenezwa kwa ajili ya masoko mengine.)

Nilikuwa nimetenga laki nne, na sikuwa na mpango wa kuongeza. Kijana mmoja fundi wa pale Msamvu aliniamkia vizuri, akazunguka gari, akaniambia, "Mama, nikufungie sabufa ya inchi kumi na mbili nyuma ya siti. Mtaa mzima utajua umefika."

Nikamwambia, "Mwanangu, mtaa unajua nimefika kwa sababu wanaona kabichi. Mimi nataka kusikia maneno ya wimbo."

Hapo ndipo tunapoachana na mafundi wengi. Kwao sauti nzuri ni mtetemo: kioo kitikisike, namba ya gari igonge. Kwangu ni kumsikia mtangazaji kila neno huku injini ya dizeli ikinguruma na kioo kikiwa wazi, na gitaa la besi lisikike ni gitaa, si ngoma ya mbali. Kwa fedha kidogo huwezi kupata yote mawili, na ukianza na sabufa umemaliza bajeti kabla hujagusa spika zilizochoka.

Jambo la kwanza la kujifunza ni kutoamini wati zilizoandikwa kwenye boksi. Redio niliyonunua ilikuwa na maandishi makubwa, "50W x 4", yaani wati 200. Igeuze uangalie fyuzi mgongoni. Ya kwangu ilikuwa ya ampea 10. Umeme wa gari injini ikiwaka ni takriban volti 14, na 14 mara 10 ni wati 140. Hizo ndizo inazoweza kuzivuta kutoka kwenye betri bila kukata fyuzi, na sehemu yake inaishia kuwa joto. Sasa wati 200 zitoke wapi? Ukweli ni kwamba redio karibu zote za aina hii, za bei ndogo na za bei kubwa, zinaipa kila spika wati 15 hadi 20 za kudumu, hata kama boksi linasema hamsini. Kinachotofautiana ni mambo mengine: inavyokamata stesheni, Bluetooth isiyokatika, vitufe unavyoweza kuvipapasa bila kuangalia. Kwenye boksi la spika pia tafuta herufi RMS. Namba iliyo karibu na RMS ndiyo ya kweli, ile iliyo karibu na MAX ni ya kumvutia mteja.

Kwa kuwa wati ni chache, spika inabidi iwe ile inayozitumia vizuri. Kuna namba nyingine kwenye boksi ambayo wauzaji hawaitaji kabisa, ya desibeli. Inaeleza spika inatoa sauti kubwa kiasi gani kwa wati moja, ukiisikiliza kutoka mita moja. Kila desibeli tatu zinazoongezeka ni sawa na kuzidisha wati mara mbili. Spika ya 92 ikipewa wati 10 inalingana na ya 89 iliyopewa 20. Kwa hiyo mtu asiye na fedha ya amplifaya anunue spika yenye desibeli nyingi, 90 kwenda juu, na aachane na ile nzito yenye sumaku kama sahani ambayo redio pekee haiwezi kuisukuma.

Nilichukua jozi moja tu, za inchi sita na nusu, zenye twita katikati, na nikazifunga mbele. Karibu nusu ya fedha yangu ilikwenda hapo. Za nyuma niliziacha zilezile za kiwandani, kisha kwenye redio nikaisogeza sauti mbele. Wanaokaa nyuma kwangu mara nyingi ni matenga ya nyanya. Kabla ya kununua pima tundu la mlango, na zaidi ya upana pima kina: shusha kioo hadi chini kabisa, ingiza rula, uone imebaki nafasi gani kati ya bati la ndani na kioo. Spika yenye sumaku ndefu itagusana na kioo mara ya kwanza utakapolipa tozo ya maegesho.

Sasa mlango wenyewe, ambao ndio habari yote.

Spika inapiga hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Koni ikisukuma hewa ya mbele, ya nyuma inavutwa. Mawimbi hayo mawili yakikutana yanauana, na yanayokufa kwanza ni ya besi. Ndiyo maana spika ikiwekwa mezani bila boksi inalia kwa sauti nyembamba hata ingekuwa ya bei gani. Kwenye gari, boksi la spika ni mlango. Fungua kava uone boksi gani umepewa: bati jembamba lenye matundu makubwa ambayo mafundi wa kiwandani walipitishia mikono, likafunikwa na nailoni. Sauti ya nyuma inapita kwenye matundu hayo inakuja kuimaliza ya mbele. Juu ya hayo bati lenyewe linatetemeka na kuimba wimbo wake.

Dawa ni shiti za mpira laini wenye gundi, mgongoni zina karatasi ya alumini. Zinauzwa Kariakoo, na siku hizi hata mikoani. Pangusa upande wa ndani wa bati la nje kwa spiriti hadi mafuta yote yaishe, bandika kipande katikati nyuma ya spika na vingine pembeni, kandamiza kwa chupa hadi vishike. Si lazima ujaze bati lote, ukifunika robo tu mlio wa bati unakufa. Kisha ziba yale matundu makubwa ya bati la ndani. Usinunue zile za lami za kuzibia mapaa, hata kama zinafanana na bei yake inavutia. Gari likiegeshwa juani zinalainika, zinanuka, na baada ya muda zinadondoka ndani ya mlango. Na chini kabisa ya mlango kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Hivyo usiviguse. Mvua ikinyesha maji huingia kupitia kando ya kioo, na yakikosa njia mlango unaoza kutoka ndani.

Spika usiifunge moja kwa moja kwenye bati. Nilimpa seremala kipande cha plaiwudi akanichongea pete mbili, nikazipaka vanishi pande zote kwa ajili ya maji, nikaweka sponji nyembamba pembeni ili hewa isipenye. Pete hizo zilikuwa kitu cha bei ndogo kuliko vyote na sikio linazitambua mara moja.

Kufunga waya ni dakika chache ukiwa na soketi ya kubadilishia, ile inayoingia kwenye plagi ya Toyota upande mmoja na kwenye redio upande wa pili. Ni shilingi elfu chache, na inakuepusha na fundi anayekata plagi ya gari kwa meno. Rangi zinadanganya. Kwenye redio za dukani nyekundu ni umeme wa swichi, njano ni umeme wa kudumu, nyeusi ni hasi. Kwenye Toyota nyingi nyekundu na nyeusi ni waya za spika za nyuma, njano pia ni ya spika, na hasi ni kahawia. Anayeunganisha nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi anaunganisha waya za umeme za redio kwenye waya za spika. Tundu la Toyota pia ni pana kuliko redio za kawaida, sentimita 20 wakati zenyewe ni 18, kwa hiyo omba na vile vipande vya kuziba pembeni.

Kabla ya kurudisha kava hakikisha spika zote mbili zinasukuma pamoja. Gusisha betri ndogo ya rimoti kwenye waya za spika kwa sekunde moja: chanya kwa chanya, koni inaruka nje. Ikiingia ndani, waya zimepishana. Spika moja ikiwa kinyume cha mwenzake, besi inapotea na mwimbaji anasikika kama hana mahali pa kusimama.

Halafu ingia kwenye mipangilio. Zima kitufe cha kukuza besi. Ikiwa redio ina kichujio cha sauti za chini, kiweke hezi 80, ili spika ndogo zisihangaike na kazi isiyo yao. Pandisha sauti hadi uanze kusikia ukali wa kuchanika, rudi nyuma kidogo, na hapo ndipo mwisho wako. Twita nyingi zinaunguzwa na redio ndogo iliyolazimishwa kupiga kelele. Na nyimbo nazo zina hatia: faili lililopita kwenye simu za watu kumi limebanwa hadi limekauka, na spika nzuri itakuonyesha ukavu huo bila huruma.

Amplifaya na sabufa ndogo ya chini ya siti ni za mwakani, ukitaka. Siku hiyo ikifika, fyuzi ikae karibu na betri, ndani ya nusu mita, kwa sababu waya mnene usio na fyuzi ukichubuka na kugusa bodi unawasha gari moto. Na waya ukwangue kwa wembe kabla ya kulipa. Ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba, na inabidi uwe mnene zaidi ili ubebe umeme uleule.

Laki nne zangu zilitosha redio, jozi moja ya spika, shiti za milango miwili, pete na soketi, na ikabaki ya chai ya fundi. Wewe ukienda kwa fundi wako, muulize mambo mawili kabla hujatoa hata senti: waya atazipima kwa mita au ataangalia rangi, na matundu ya mlango atayaziba kwa kitu gani. Akikosa jibu la lolote kati ya hayo, mshukuru, washa gari, nenda kwa mwingine.