Ndege wa Msitu na wa Mafunjo ya Karagwe

Katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, mahali nchi yetu inapopakana na Rwanda na Uganda, ziko wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa. Zamani zilikuwa wilaya moja. Kyerwa ilitengwa mwaka 2012. Ni nchi ya vilima na mabonde. Juu ya vilima kuna nyasi na miti. Karibu na nyumba kuna migomba na mibuni. Na chini unapita mto Kagera, ambao maji yake hutoka Rwanda na Burundi, na kwenda kuingia Ziwa Viktoria. Kandokando ya mto huo mafunjo yameota kwa wingi, marefu kupita kimo cha mtu.

Mwaka 1861 Mwingereza mmoja, jina lake Speke, alifika Karagwe akapokewa kwa heshima na mfalme Rumanyika. Jina la mfalme huyo halikusahauliwa, maana mwaka 2019 mapori mawili ya akiba yalifanywa hifadhi za taifa, yakaitwa Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa. Watu wengi wakisikia neno hifadhi hufikiri tembo na simba tu. Lakini mtu mwenye subira ataona ajabu nyingine, nao ni ndege.

Atakaye kuwatazama ndege yampasa kuamka kabla ya jua kutoka, kwa kuwa wakati huo ndege huimba na kutafuta chakula. Avae nguo zisizong'aa, akae kimya, jua likiwa nyuma yake. Akiwa na darubini ni vema. Asipokuwa nayo, macho na masikio yatosha. Kwanza na asikilize, kisha aangalie ukubwa wa ndege, rangi yake, miguu yake, na hasa mdomo wake, maana mdomo hueleza chakula. Kwazi ana mdomo wa ndoana wa kurarua samaki. Mdiria ana mdomo mrefu wa kuchoma, mfano wa mkuki. Hondohondo ana mdomo mkubwa wa kuchumia matunda. Hayo yote ayaandike katika daftari lake pale pale, asingoje hata arudi nyumbani, kwa maana kumbukumbu hudanganya.

Katika mafunjo ya bonde la Ziwa Viktoria na mito yake yuko ndege mmoja mzuri sana: mgongo wake mweusi, kifua chake chekundu, na utosi wake wa manjano. Huyu haishi penginepo ila katika mafunjo. Mafunjo yakichomwa moto au yakifyekwa ili watu walime, yeye hawezi kuhamia shambani. Hufa au hutoweka. Tena juu ya vilima yuko ndege wa jamii ya zuwakulu, mweusi, mwenye uso mwekundu. Katika dunia yote yuko upande huu tu, yaani kaskazini-magharibi ya Tanzania, na Uganda, Rwanda na Burundi zilizo jirani. Hutoboa kiota chake katika mti uliokauka. Basi mtu akataye kila mti mkavu kwa kuni amvunjia nyumba yake.

Korongo mwenye taji naye hujenga kiota katika majani ya bwawa. Ndiye ndege wa taifa la Uganda, na mchezo wake wa kurukaruka kama mtu achezaye ngoma hupendeza sana. Lakini tangu mwaka 2012 amehesabiwa miongoni mwa ndege walio katika hatari ya kwisha duniani, kwa sababu mabwawa hukaushwa, na makinda yake hukamatwa yakafugwe nyumbani.

Mtu aweza kuuliza, "Ndege wana faida gani kwetu?" Siku moja mvulana wa darasa langu alimpiga kwa manati yangeyange aliyekuwa akifuata ng'ombe malishoni. Akamleta shuleni kwa furaha. Nikamwuliza, "Mwanangu, ndege huyu hula nini?" Akajibu, "Sijui, mwalimu." Tukampasua mbele ya darasa, na tumboni tukakuta panzi wengi, wengine wakali wazima. Yule mvulana akanyamaza muda, kisha akasema, "Kumbe alikuwa akilinda majani ya ng'ombe wetu." Tangu siku ile sikumwona na manati tena, alishika daftari.

Hondohondo naye humeza matunda ya miti ya msituni, akaruka mbali, akaangusha mbegu. Hivyo hupanda miti bila jembe. Na mafunjo yanayowaficha ndege huzuia udongo unaoteremka kutoka vilimani, maji yakapita safi zaidi kwenda kwa wanywao chini.

Basi, wanafunzi, msingoje kwenda hifadhini. Anzeni leo chini ya mti wa shule. Mtu hawezi kukitunza kitu asichokijua.

Maswali
1. Kwa nini mdomo wa ndege hutuonyesha chakula chake?
2. Taja ndege asiyeweza kuishi nje ya mafunjo, ueleze sababu.
3. Hondohondo hupandaje miti?
4. Tazama ndege mmoja karibu na kwenu kwa siku tatu, uandike uliyoyaona.