Nyumba ya Kumudika: Istilahi za Makazi ya Vijijini

Wafasiri wa nyaraka za makazi wamezoea kuandika "nyumba ya gharama nafuu" kwa dhana mbili zisizofanana: nyumba iliyojengwa kwa fedha kidogo, na nyumba ambayo kipato cha mwenyewe chaweza kuilipia bila ya kuwanyima wanawe chakula. Ya kwanza hupimwa kwa saruji na bati, ya pili kwa mfuko wa mkulima. Nyumba yaweza kuwa nafuu machoni pa mhandisi, na mkulima wa pamba, apataye fedha msimu mmoja tu wa mwaka, asiweze kuimudu.

Kwa dhana ya pili twapendekeza "nyumba ya kumudika". Kitenzi "mudu" ki hai vinywani mwa watu, nacho hakimwahidi mtu bei ya chini. Huu si ubishi wa maneno matupu. Nchini Tanzania, mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji hauna budi kuidhinishwa na Mkutano wa Kijiji, yaani wanakijiji watu wazima wenyewe. Wakisomewa "nafuu", huenda wakangoja ruzuku ambayo waraka haukuitaja, au wakatenga malisho kwa ajili ya nyumba wasizoweza kuzijenga.

Neno "panga" nalo lahitaji hadhari. "Mpangaji" kwa watu wengi ni yule alipaye kodi ya chumba. Basi aandikaye "wapangaji wa kijiji" akikusudia maafisa atachekwa, na kwa haki. Isitoshe, wazee waliohamishwa katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 wasikiapo "kupangwa" husikia kuhamishwa. Afadhali kutaja kitendo chenyewe: kupima viwanja, kutenga eneo la makazi. Ama "mipangomiji ya vijijini", usemi huo wajipinga wenyewe; "mipango ya makazi ya vijijini" yatosha.

Kuhusu "endelevu", wako wanaoichanganya na "ya kudumu". Nyumba ya matofali ya kuchoma yaweza kudumu miaka mingi, lakini tanuri lake limekula kuni za mlima mzima. Tofali la udongo uliochanganywa na saruji kidogo, likashindiliwa kwa mashine ya mkono, halihitaji tanuri. Mfasiri aulize kwanza waraka wasemea uhai wa ukuta au uhai wa msitu, ndipo achague neno.