Je, Wajua? Resini Nayo Ina Pa Kushindwa

Je, wajua kwamba resini ya epoksi, inayong'ang'ania mbao, chuma na kioo, haishiki vizuri kwenye nta, silikoni wala plastiki ya polithini? Ndiyo maana kalibu ya mbao ya kumiminia resini hubandikwa kwa ndani selotepu ile pana ya plastiki ya kufungia maboksi. Mafuta ya mgando nayo hufaa, lakini paka kiduchu, kisha lainisha kwa kitambaa. Ukiacha alama ya kidole, resini itainakili kwa uaminifu wa kuudhi. Umbo likigoma kutoka, weka nyundo chini. Likishakauka kabisa, lifunge ndani ya mfuko, ulitie kwenye friza kama dakika 15: resini na kalibu hunywea kwa viwango tofauti, na mshiko huachia.