Madigadi ya nyuma: urembo wenye masharti yake

Miongoni mwa waendeshaji wa pikipiki kubwa za aina ya kruza nchini Marekani na Uingereza, madigadi ya nyuma ni mojawapo ya sehemu zinazopendwa sana kubadilishwa. Hata hivyo, kazi hiyo ikifanywa kwa pupa, huweza kuhatarisha maisha.

Desturi yenyewe si ngeni. Katika miaka ya 1940, hasa baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, vijana wa Kimarekani, wakiwamo askari waliorejea kutoka vitani, waliondoa madigadi ya mbele na kuikata ya nyuma ili kupunguza uzito. Pikipiki hizo zikaitwa boba. Baadaye zilifuata choppa, ambazo filamu ya Easy Rider ya mwaka 1969 ilizitangaza ulimwenguni.

Lakini madigadi si pambo tupu. Mbali na kuzuia maji na matope, katika kruza nyingi ndiyo inayobeba taa, kibao cha namba na kiti cha abiria. Uzito wa abiria huyo hupokewa na vyuma viwili vya pembeni vilivyofungwa kwenye fremu. Anayeviondoa ili pikipiki ionekane nyembamba hana budi kuacha kupakia mtu nyuma.

Hatari kubwa zaidi imo katika nafasi iliyopo baina ya tairi na madigadi. Pikipiki ikiwa imesimama, nafasi hiyo huonekana ya kutosha. Ikipita kwenye shimo, springi hubonyea na tairi hupanda juu. Kwa sababu hiyo mafundi makini hufungua shokomzoba kwanza, wakaliinua gurudumu hadi mwisho wake, ndipo wakapima. Boliti nazo huingizwa kutoka ndani, vichwa vyake bapa vikielekea kwenye tairi na nati zikibaki nje, ili ncha zisije zikalichana.

Jambo jingine ni waya. Waya za taa hupita chini ya madigadi, zikishikiliwa na vibanio. Zisiporudishwa mahali pake, tairi huzisaga, fyuzi hukatika na taa ya breki huzimika. Dereva wa gari lililo nyuma hana tena namna ya kujua kuwa pikipiki inasimama.

Sheria nayo ina neno lake. Katika ukaguzi wa kila mwaka nchini Uingereza, ujulikanao kama MOT, wakaguzi hutazama taa za nyuma, kiakisi mwanga chekundu na kibao cha namba. Kampuni ya bima nayo hutakiwa kuarifiwa juu ya mabadiliko, kwani ukimya unaweza kumkosesha mwenye pikipiki fidia siku ya ajali. Nchini Marekani, masharti kuhusu madigadi hutofautiana kati ya jimbo na jimbo.

Wengi huihifadhi madigadi ya awali, kwani mnunuzi wa kesho huenda akaitaka pikipiki kama ilivyotoka kiwandani.