Inchi Mbili za Nax

Nax ukicheki pikapu imeinuka, usiulize mwenyewe ako na ganji ngapi. Uliza Monday inabebanga nini. Hapo ndio utajua kama hiyo ndai ni ya wera ama ni ya kupigiwa picha juu Menengai. Kwetu pikapu haijawahi kuwa toi. Ni ile Hardbody ya mzae ilikuwa ikishukisha maziwa Njoro, ama ile Isuzu KB imebeba waru za Molo tangu ukiwa class three. Sasa mzae amechoka, funguo zimekuangukia, na wewe unataka ikae kama zile huwa zinajipanga Naivasha wiki ya rally. Hakuna noma hapo. Ishu ni moja tu: Monday waru bado zinangoja.

Hii homa ilipanda vizuri Safari Rally iliporudi kwa kalenda ya dunia 2021, baada ya miaka 19. Mbogi zikateremka Soysambu, Elementaita, hadi kule Sleeping Warrior, kucheki gari za wazungu zikimezwa na fesh-fesh, lile vumbi laini ka unga lililoachwa na volkeno zetu. Halafu 2024 wakaisongesha kutoka June hadi March, mvua ikianza, so vumbi likapata mwenzake wa matope. Mse akirudi mtaani toka huko, Hardbody ya mzae inaanza kukaa fupi. Manze, hata mimi najua hiyo feeling.

Lakini kuna hesabu wasee huruka, na fundi hawezi kukushow juu haimletei doo. Kuinua springi hakuinui difu. Difu ya nyuma imekaa kwa ekseli, na ekseli imekaa kwa tairi. Weka springi ndefu hadi uitishe ngazi ya kupandia, jiwe la Menengai bado litagonga difu pale pale liliigonga jana. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, na inainua nusu tu ya ile saizi umeongeza. Chukua 235/75R15, tairi ya kawaida ya hizi pikapu: toka chini hadi juu ni karibu milimita 733. Itoe, weka 31x10.5R15, umefika 787. Umeongeza 54, difu imepanda 27. Inchi moja na nywele.

So kazi ya kuinua gari ni kutafutia hiyo tairi nafasi, isikwaruze madigadi ukikata kona na mzigo nyuma. Basi. Ukishaiva hapo utawacha kuota inchi sita za Instagram. Inchi mbili zinatosha, na inchi mbili kijana wa Free Area anaweza kuzimudu bila kuingia kwa hizo app za kukopesha kwa simu.

Tuanze mbele. Kama moti yako ni Hardbody ama KB, una bahati. Hizo hazina koili. Ziko na toshen ba, chuma mviringo imelala chini ya gari, ikijipinda badala ya springi. Kwa mwisho wake kuna bolti. Jeki, spana, dawa ya kutu, unakaza, gari inapanda. Bure! Na hapo ndio wasee hujiharibia, juu kitu ya bure haina breki: mtu anakaza hadi bolti iishe. Ukipita inchi moja na nusu hivi, mkono wa juu unalalia ile raba ya kuuzuia, na gurudumu linakosa pahali pa kushuka. Utaskia watu wakisema eti ba imekuwa ngumu. Ba ni ile ile. Ni gurudumu halina tena nafasi ya kuteremka ukiingia shimo, so kila shimo la Kaptembwo unaliskia kwa meno. Na kama ni fobaifo, shafti za mbele zinasimama vibaya, raba za CV zinapasuka, grisi inatoka, mchanga unaingia. Ile bure imeisha.

Kaza kidogo, mbele isipite hiyo inchi moja na nusu hata kama nyuma ni mbili. Pima toka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, pande zote mbili, juu toshen ba za gari mzee hazichokangi sawa. Endesha siku kadhaa ikae, pima tena, ndio uende alaimenti. Ukiiruka, tairi mpya italiwa upande mmoja hadi waya zitokee kabla hata hujamaliza kumlipa yule alikuuzia.

Na kama mzae alikuachia Hilux ya zamani, ile LN106 ya miaka ya tisini yenye ekseli nzima na springi za majani mbele na nyuma, mshukuru na umpelekee nyama choma. Hiyo yote inaisha kwa fundi wa springi.

Fundi wa springi si mekanika. Tafuta yule anashughulikia lori na Canter, mikono yake utaijua. Anatoa pakiti yote, anailaza kwa simiti na kuichora na chaki: mstari wa vile springi imekaa saa hii, na juu yake mstari wa vile mnataka ikae. Halafu anashika jani moja moja, analilaza kwa chuma, nyundo inaanza kubonga. Anagonga, anasongesha kidole kimoja, anagonga tena, toka katikati akienda pembeni, kisha analirudisha kwa chaki kucheki limepinda kiasi gani. Halifiki, anarudi. Hana haraka, na usimharakishe. Notisi kitu kimoja: hakuna moto. Ukiona fundi amewasha gesi anapasha jani hadi liwe jekundu, beba springi zako utoke mbio. Hiyo chuma ilipewa ugumu wake kiwandani kwa moto wa kupimwa. Ukiichoma ovyo umeitoa nguvu, na baada ya trip chache za waru itakuwa chini kuliko ilivyokuwa, ama ikatike.

Pakiti ikiwa imechoka sana, aongeze jani moja la upana ule ule. Hiyo ndio njia ninaipenda kwa gari ya kubeba, juu inakupa urefu na nguvu pamoja. Sheko ndefu ni rahisi zaidi, lakini jua hesabu yake: ukiongeza inchi mbili kwa sheko, gari inapanda moja. Bloki za chuma kati ya ekseli na springi ni sawa nyuma, mbele usithubutu. Bloki za mbao hata tusibonge. Na yubolti ziwe mpya, za zamani zilishavutika. Shoksi nazo zicheki ekseli ikining'inia. Ikiwa shoksi ndio inaizuia kushuka, tafuta ndefu kidogo.

Sasa sikiza hii vizuri, juu hapa ndio mtu huumia. Hilux nyingi za zamani na pikapu ingine za rika lake ziko na valvu ya breki za nyuma. Imefungwa kwa chasisi, na kijiti kimeenda hadi kwa ekseli. Ukipakia mzigo, chasisi inashuka, kijiti kinasukumwa, valvu inaelewa gari ni nzito na inaachilia breki za nyuma zishike zaidi. Umeinua nyuma inchi mbili? Valvu inadhani gari ni nyepesi kuliko ilivyo, siku zote. Sasa pakia magunia 20 toka Molo, yale ya kilo 50 yaliyowekwa na sheria za waru za 2019 (mukorino, lile gunia la kuongezewa kilemba juu, bado tunalijua, tusidanganyane). Hiyo ni tani nzima. Unateremka Sachang'wan kuelekea Salgaa, mteremko ulioua watu hadi ikabidi barabara igawanywe na ukuta wa simiti katikati, na breki za nyuma zinafanya wera nusu. Dawa yake ni kipande cha chuma na kuchomelea kwa dakika chache, ile kishikio ya kijiti isogezwe kiasi kile gari imepanda. Mwambie fundi mwenyewe, usingoje akumbuke. Hapo hapo acheki paipu ya raba ya breki: inua chasisi hadi magurudumu yaning'inie, na kama paipu imekazana ka kamba ya nguo, weka ndefu.

Tairi ndio itakula sehemu kubwa ya ganji, so tubonge tairi. Hiyo 31x10.5R15 inakaa fiti kwa rimu ya upana wa inchi 7 hadi 9. Rimu nyembamba za zamani wachana nazo. Ukiona 109 ubavuni, maana yake ni kilo 1,030 kwa kila tairi. Pia soma zile namba nne za mwisho baada ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba inaweza kuwa na meno mazuri na raba imezeeka kuliko wewe.

Ila mimi ningekushow kitu haina luku ya Instagram. Kama springi na rimu zako za 16 zinaruhusu, cheki 7.50R16. Hiyo ni saizi ya Canter, so haikosi kwa duka la tairi Nax, na urefu wake unacheza pale pale na 31 ama kuishinda. Ni nyembamba, inakaa ka mguu wa mbuni, mademu hawataigeuzia shingo. Lakini matope ya Kuresoi mvua ikinyesha yako na sakafu ngumu chini yake. Tairi nyembamba inayakata na kuifikia; ile pana inaelea juu na kuanza kukuzungusha mbele ya wazee wa ploti. Kwa vumbi la Kedong inakuwa kinyume, pana inashinda. Amua unaishi wapi.

Na kabla ya yote, jaribu kutoa hewa. Toka psi 35 hadi 20 hivi kwa mchanga na vumbi, tairi inalala, inashika, na hujatumia hata soo. Endesha polepole, halafu ujaze kabla ya lami. Kuna wasee wameinua gari inchi nne wakakwama pahali Probox yenye tairi laini ilipita ikipiga honi.

Injini nayo itanung'unika. Tairi kubwa ni sawa na kuongeza gia, asilimia 7 hivi kwa ile mfano yetu. Dizeli isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 ukipanda, na ukitoka Nax, ambayo tayari iko karibu mita 1,850, uende Timboroa, umepita 2,700. So pale ulikuwa ukipanda na gia ya nne, sahau, ni ya tatu na subira. Spidomita nayo itakudanganya: ikisoma 100, wewe uko 107, na karao mwenye kamera hana haja na hesabu ya tairi.

Insurance waambie umebadilisha nini, wasije wakakuruka siku ya shida. Pikapu ya biashara inaenda inspection kila mwaka, na huko tairi ikitokeza nje ya madigadi ama ikigusa kitu ukikata usukani, umerudishwa. Halafu taa. Pua ikipanda, taa zinapanda nayo. Skrubu iko nyuma ya taa. Simamisha gari mbele ya ukuta jioni, zishushe hadi pale zilikuwa, ndio upige hizo picha zako. Dere wa lori anayetoka Gilgil saa nne usiku hana shida na inchi zako mbili. Shida yake ni taa zako zikiwa zimemwingia kwa macho.